Kufua duveti na blanketi Nairobi: beseni, mashine au dobi?

Watu wakiulizana jinsi ya kufua duveti, mazungumzo huanzia kwenye sabuni: ipi ina povu, ipi inanukia. Hapa Nairobi mimi ningeanzia mwisho. Jiulize kwanza utaianika wapi, ni mwezi gani, na nani atakuwepo nyumbani kuianua mawingu yakijikusanya. Ukishajua hayo, swali la nani afue, iwe ni wewe, mama fua, mashine au dobi, karibu linajijibu lenyewe, kwa sababu kila njia kati ya hizo inakukabidhi duveti yenye kiasi tofauti cha maji ndani yake.

Duveti nyingi zinazouzwa mjini zimejazwa nyuzi za poliesta. Poliesta yenyewe hainywi maji. Uzi wake hushika unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba hushika kama asilimia 8 hata ikiwa imetulia kabatini. Ungedhani basi duveti itaikimbia shuka ya pamba kwenye kamba. Wapi! Maji ya duveti hayakai ndani ya nyuzi, yanakaa katikati yake, katika nafasi zilezile ambazo usiku hushika hewa na kukupa joto. Kile kinachokukinga na baridi ya Julai ndicho kinachozuia upepo usipenye kuyatoa maji. Saa sita mchana kitambaa cha nje kimekauka, unakigusa, unaridhika, unakunja. Ndani bado kubichi. Siku moja au mbili za unyevu wa namna hiyo zinatosha kuvu kuanza kuota, na ule uvundo ukishaingia hauondoki kwa kupuliziwa manukato.

Blanketi ni hadithi nyepesi zaidi. Lile zito la akriliki, lenye manyoya mafupi na maua makubwa, linaelemea likilowa lakini halina tumbo la kuficha maji. Yanachuruzika yenyewe na upepo unapita. La flisi ndilo rahisi kuliko yote, asubuhi kambani, alasiri kitandani. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hapa chini, tofauti kubwa iko kwenye duveti.

Beseni na mama fua

Kwa blanketi, beseni halina mpinzani. Liloweke nusu saa, panda, kanyaga, badilisha maji, kanyaga tena. Akriliki na flisi huvumilia. Sufu halisi haivumilii: maji moto pamoja na msuguano huifanya ijikunje na kuwa ngumu kama zulia, kwa hiyo ifuliwe kwa maji baridi na kukandwa polepole, bila kusuguliwa.

Kwa duveti, hesabu ya kwanza ni maji. Kufua mara moja na kusuuza mara tatu duveti ya futi sita kwa sita hula mitungi kumi hivi ya lita 20. Kusuuza mara mbili hakutoshi, kwa sababu povu limejificha ndani. Sabuni ikibaki humo, nyuzi hushikana na duveti hukauka ikiwa na madonge. Kwenye mitaa ambako maji ya bomba huja kwa ratiba ya mgao, lita 200 ni akiba ya nyumba nzima ya siku kadhaa. Na ukinunua kwa mkokoteni, mtungi ukiwa shilingi 20 hadi 50 kulingana na uhaba, umeshatoa shilingi 200 hadi 500 kabla ya sabuni na kabla ya kumlipa mfuaji. Hapo umekaribia bei ya dobi na duveti bado inadondoka maji. Watu wengi husema kufua nyumbani ni bure kwa sababu hawaihesabu mitungi.

Kama ploti yenu inategemea kisima na maji yana chumvi, achana na sabuni ya mche kwa kazi hii. Kwenye maji magumu ya namna hiyo hutoa utando mweupe usiosuuzika. Sabuni ya unga au ya maji hufanya vizuri zaidi, na itie kidogo kuliko unavyotamani.

Hesabu ya pili ni kukamua. Ule mtindo wa watu wawili kushika ncha na kusokota unafaa blanketi. Duveti ukiisokota, nyuzi za kushonea huachia, na ujazo wote hukimbilia pembeni. Baadaye unalala chini ya kitambaa kitupu katikati na mto kwenye kila kona. Ikunje ndani ya beseni tupu, iegemee kwa magoti maji yatoke, igeuze, rudia. Hata ukifanya hivyo kwa bidii, itatoka na lita kadhaa, na itahitaji jua zuri la siku mbili.

Mama fua anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko wengi wetu, lakini mwambie mapema. “Dada, leo kuna duveti moja, tuongee bei yake kando,” inatosha. Wengi huitoza kando, na ni haki, kwa sababu ni kazi ya mgongo. Wapo wanaoificha chini ya rundo ili aikute saa nane mchana amechoka; hao wanajua wanachokifanya, na duveti yao haikauki. Mwombe aanze nayo. Mazoea ni kuacha vitu vizito viwe vya mwisho ili vitumie maji yaliyosuuza nguo, na kwa blanketi ni akili nzuri sana ya kuokoa mitungi. Kwa duveti, kila saa ya asubuhi inayopotea ni saa ya jua iliyopotea.

Mashine ya nyumbani

Ile namba ya kilo iliyoandikwa usoni mwa mashine ni ya nguo za pamba zikiwa kavu, na haikuambii lolote kuhusu vitu vyenye mwili mkubwa. Duveti ya poliesta ya sita kwa sita haizidi sana kilo mbili au tatu, ila inajaza ngoma yote. Kipimo kizuri ni kuitia ikiwa kavu, kisha kupitisha kiganja kati yake na dari ya ngoma. Kikipita kwa raha, fua. Ukilazimika kuisukuma kwa goti ili mlango ufunge, katikati haitalowa vizuri na sabuni ya unga itabaki humo ikiwa vipande. Kwa kawaida mashine ya kilo 7 huimudu duveti ya nne kwa sita, na ya tano kwa sita ikiwa nyembamba. Ile nene ya sita kwa sita inataka kilo 9 au 10.

Mashine ya mlango wa mbele ndiyo ninayoipendelea kwa duveti. Hutumia kama lita 50 hadi 70 kwa mzunguko, chini ya nusu ya maji ya beseni hata ukiongeza suuza moja. Hupasha maji yenyewe, na ukifua kwa nyuzi joto 60 vijidudu vya vumbi vinakufa, jambo kubwa kwa nyumba yenye mtu wa pumu au mzio, mradi lebo ya duveti inaruhusu joto hilo. Nyingi za mlango wa juu hufua kwa maji kama yalivyotoka bombani, na maji ya tanki la paani mwezi wa Julai hayana hata vuguvugu. Zile zenye mhimili katikati zinaweza pia kuzungusha na kurarua mshono.

Ile ya matenki mawili, ya kumwagia maji kwa ndoo, ina sifa yake: haihitaji presha ya bomba, na stima ikipotea unatoa nguo zako na kuendelea kwa mkono. Kwa blanketi za flisi inatosha kabisa. Tenki lake la kukamulia ni dogo mno kwa duveti, na hilo linaondoa sababu hasa ya kutumia mashine.

Kwa sababu faida ya mashine kwenye duveti ni kukamua. Kusugua ni nyongeza tu. Maji yamekaa katikati ya nyuzi, hayakunywewa, kwa hiyo mzunguko wa kasi huyarusha nje kirahisi. Mashine inayozunguka mara 1,000 au zaidi kwa dakika, ukiipa duveti kukamuliwa mara mbili, itakupa kitu chenye unyevu tu, kisichodondosha hata tone. Siku mbili za kamba zinageuka moja. Mashine ikianza kuruka na kusimama bila kukamua, duveti imejikusanya upande mmoja; fungua, itandaze upya, ongeza taulo moja au mbili za kusawazisha. Tokeni za stima zisikutishe hapa: kufua kwa nyuzi joto 60 hula yuniti moja na kitu, na kwa 40 hula chini ya hapo.

Dobi

Kwa dobi unalipia mashine ya kukausha. Kufua ungeweza mwenyewe. Ndiyo maana swali la kumuuliza kabla ya bei ni hili: mnakausha kwa mashine au kwa jua? Ukiona kamba nyuma ya duka na ni mwezi wa Aprili, dobi huyo ana shida ileile uliyo nayo wewe, tofauti ni kwamba ataikunja na kuitia kwenye karatasi ya plastiki. Bei ya duveti moja mara nyingi iko kati ya shilingi 400 na 800 kulingana na mtaa na ukubwa. Ukienda kuichukua, ifungue papo hapo, tia mkono katikati ya tumbo lake na unuse. Sehemu yenye ubaridi usioeleweka ina maji. Irudishe bila haya. Mwenye kazi yake hataudhika.

Duveti ya manyoya ya bata au bata bukini, ambayo huibuka kwenye marobota ya mitumba pale Gikomba bila muuzaji kujua anachouza, usiifue kwa beseni. Manyoya yakilowa hugandana, na bila ngoma kubwa ya kukausha yenye joto la wastani yataanza kunuka kabla hayajatengana. Hiyo ni ya dobi mwenye mashine kubwa, bila mjadala.

Angalia pia lebo. Alama ya beseni ni kufua kwa maji, mraba wenye duara ndani ni kukausha kwa mashine, na duara lenye herufi P ni kusafishwa kwa dawa bila maji. Ikisafishwa kwa dawa hiyo, ianike penye hewa kabla ya kuilalia, maana mvuke wake si wa kuvutwa usiku kucha.

Jua, paa na ukuta wa jirani

Januari na Februari ni msimu wa kufua kila kitu: joto, hewa kavu, anga wazi. Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba ni vuli, ingawa siku nyingi za mvua hizo zina asubuhi nzuri, na duveti iliyokamuliwa kwa mashine inaweza kupata muda wa saa tano au sita za jua kabla mawingu hayajafunga. Juni hadi Agosti ndiko kwenye mtego. Mvua haipo kwa hiyo watu wanajipa moyo, lakini wingu hukaa kama kifuniko, joto la mchana huishia nyuzi 21 au 22, na jua likitoka hutoka saa nane. Miezi hiyo duveti iliyofuliwa kwa mkono hurudi ndani jioni ikiwa mbichi, siku tatu mfululizo. Septemba mambo hutengemaa tena, ila vumbi nalo hupanda, hasa mitaa iliyo kando ya barabara za murram, zisizo na lami.

Ningefua duveti mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, basi. Kati ya hapo kava ndiyo ifuliwe kila wiki au mbili, na duveti yenyewe ipigwe jua kavukavu mara kwa mara. Anayefua duveti kila mwezi anaichakaza bure.

Paa la ghorofa linashinda balkoni kwa sababu ya upepo hata zaidi ya jua. Kwenye mitaa kama Pipeline na Zimmerman, ambako jengo linakaribia kuligusa jengo, balkoni ya ghorofa ya pili haioni jua mwaka mzima. Pale utakausha shuka, duveti hapana. Lakini paa lina sheria zake: kamba ni za wote, keateka, yaani msimamizi wa jengo, ndiye mwenye ufunguo, na duveti nzuri isiyo na mtu wa kuichunga huweza kuhama. Siku hiyo kaeni mmoja nyumbani.

Usiitundike kwa kuikunja kwenye kamba moja, maana pande mbili zitashikana na hewa haitapita. Ipitishe juu ya kamba mbili au tatu ili katikati pabaki wazi. Kila baada ya saa mbili igeuze, ikung'ute, na uyavunje madonge kwa vidole. Ianue saa kumi na moja, kabla unyevu wa jioni haujairudia. Duveti iliyolala nje hupoteza nusu ya kazi ya mchana.

Njia ya kujua imekauka kweli ni mizani. Kabla ya kufua, panda kwenye mizani ukiwa umeikumbatia, kisha bila hiyo, na uandike tofauti. Baada ya kuanika, rudia. Ikizidi hata robo kilo, ndani kuna maji.

Ukilazimika kukausha ndani ya nyumba, itandaze juu ya migongo ya viti viwili vya plastiki, fungua dirisha, elekeza feni. Dirisha likifungwa, maji yanahamia ukutani na utaona ukungu mweusi nyuma ya kabati. Na hili halina ulinganisho wala upande wa pili: usiwashe jiko la makaa ndani ili kukausha matandiko. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi ndiyo inayoua.

Kununua mashine ya kukausha kwa ajili ya duveti peke yake sioni maana. Ile ya kawaida huvuta kilowati 2 au zaidi, duveti itazunguka saa mbili na pengine zaidi, kwa hiyo ni yuniti nne au tano kwa duveti moja, na ngoma yake ikiwa ndogo nje itaungua huku ndani ikibaki mbichi. Zinazotumia pampu ya joto hula nusu ya hapo au chini, lakini bei yake dukani italipa dobi wa miaka mingi. Wenye watoto wachanga na nepi za kitambaa wana hesabu nyingine. Ukiwa nayo tayari, tia mipira miwili ya tenisi humo ndani; inagonga madonge na kuyafungua.

Anayeishi chumba kimoja kisicho na jua

Kwake yeye ushauri wangu ni wa dukani zaidi kuliko wa kufulia. Asinunue duveti moja nene. Anunue mbili nyembamba, au duveti nyembamba na blanketi la flisi. Kila moja inaingia kwenye mashine ndogo, kila moja inakauka kwa siku moja, na moja ikiwa kambani nyingine iko kitandani. Kwenye mitumba kutoka Uingereza utakuta lebo yenye kipimo cha joto kiitwacho tog: 4.5, 10.5, 13.5. Ya 13.5 ilikusudiwa majira yao ya baridi kali. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na 10.5 inamtosha mtu ambaye dirisha lake linafunga sawasawa.

Mito ifuate kanuni ileile ya kiganja, miwili kwa pamoja ili mashine isiyumbe. Mto wa sponji usiingie kwenye mashine kabisa.

Na mtoto akikojoa usiku wa manane katikati ya Juni? Usiifue duveti yote. Vua kava, sukuma ujazo wa ndani uondoke kwenye sehemu iliyolowa, ubaki na kitambaa na nyuzi chache mkononi, ukifunge hapo kwa mpira wa nywele. Fua kifundo hicho peke yake, kwanza kwa maji baridi, kisha kwa maji yenye sabuni kidogo na kijiko cha siki cha kuondoa harufu. Kikamue ndani ya taulo kavu na ukielekeze kwenye feni au dirishani. Mpaka jioni kinakuwa kimekauka, jambo ambalo duveti nzima ya Juni isingeweza kukuahidi. Kisha katafute kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, maana godoro ndilo kitu pekee katika chumba hicho ambacho hakuna beseni, mashine wala dobi wa kukufulia.